Mama anasema busara ni kukaa kimya. Je, ndivyo?

"Shikamoo mwalimu. Mi ni binti wa miaka 26, mweka hazina wa kwaya kigangoni kwetu. Mwenyekiti wetu ni mzee wa heshima, ndo alinifundisha kuimba na alimsaidia sana mama baba alipofariki. Sasa nimegundua hela za mfuko wa kinanda anazichukua 'kwa muda', nyingine zinarudi nyingine hazirudi. Nilipomgusia mama akasema busara ni kukaa kimya, Mungu anaona. Katekista nae kaniambia niwe na kiasi, nisivuruge kwaya kabla ya Pasaka. Alafu nimesoma mahali kwamba Thomas wa Akwino alifundisha zile fadhila nne zimeungana, ukikosa moja umekosa zote. Mi naogopa mwalimu, usiku silali. Kwa hiyo kwa sababu mi mwoga hata busara na haki sina? Na babu zetu ambao hawakubatizwa ina maana hawakuwa na fadhila kabisa? Nifuate ipi, busara au haki?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kukaa na siri ya hela za watu ni mzigo, ila nilivyokusoma naona shida imeshavuka hela, umeanza kujiona mtu mbovu. Yani ulianzia kwenye daftari la mfuko wa kinanda, ukapita kwa mama, ukapita kwa katekista, mwisho umefika mahali unajihukumu kwamba huna fadhila hata moja. Ntaanza na hizo fadhila maana ndo ninachofundisha, alafu turudi kwenye daftari, na utaona tunarudi tukiwa na kitu mkononi.

Hizo fadhila nne, yani tabia njema za mtu, ni busara, haki, nguvu (ujasiri wa moyo) na kiasi, na hazikuanza na Wakristo. Plato, mwanafalsafa Mgiriki, alishazipanga hivyo hivyo nne karne nyingi kabla, Cicero akawaandikia Warumi, na Kitabu cha Hekima kwenye Biblia yetu, sura ya 8 mstari wa 7, kinazitaja zote kwa mkupuo. Ambrosi askofu wa Milano, aliyefariki mwaka 397, akazipa lile jina la fadhila kuu tunalotumia mpaka leo, Augustino akazipokea, Papa Gregori Mkuu akazipokea, na kufika karne ya 13 zilikuwa somo kubwa kwenye chuo kikuu cha Paris. Hapo ndo Thomas, mtawa na mwalimu wa teolojia, aliendelea na Summa yake, kile kitabu chake kikubwa cha teolojia, na ile sehemu inayochambua fadhila moja baada ya nyingine aliiandika mwaka 1271 na 1272, na ndo ndefu kuliko sehemu zingine zote za kitabu hicho. Kwa hiyo jamaa hakugusia tu hili jambo, alikaa nalo.

Sasa busara. Nadhani kosa kubwa kwenye huu ushauri uliopewa liko hapa, na sio mama yako peke yake, watu wengi sana tunaongea hivyo, mtu akikwepa ugomvi tunasema ana busara, akinyamaza mkutanoni tunasema ana busara. Ukimsoma Thomas huwezi kuipata hiyo maana. Kwake busara ina kazi tatu: kwanza unatafuta shauri, unauliza na kupima, pili unaamua, unaona hili ndo la kufanya, tatu unajiagiza ufanye. Na anasema waziwazi hiyo ya tatu ndo kazi kuu ya busara. Mtu aliyeuliza vizuri na akaamua vizuri alafu asifanye kitu, busara yake imefia njiani. Anamnukuu mwanafalsafa Aristotle kwamba shauri lifanywe polepole ila likishaamuliwa litendwe haraka. Na ule uzito wa kujiagiza, yani unajua kabisa la kufanya ila unaliacha liende, Thomas anauweka kwenye orodha ya vitu vinavyopingana na busara, anauita uzembe. Anaenda mbali zaidi, anasema kuna busara za uongo, moja anaiita busara ya mwili, mtu anakuwa na akili nyingi sana za kulinda raha yake na nafasi yake, anapanga vizuri, anahesabu vizuri, lakini lengo lenyewe limepinda.

Simsemi mama yako vibaya hapa. Mama kaona kitu cha kweli, kwamba huyu mzee amewatendea mema na kwamba ukiropoka bila kupima utaumia. Thomas angempa haki kwenye hilo, maana anapotaja viungo vya busara anaweka kuangalia mazingira na tahadhari, jambo zuri likifanywa mahali pabaya linaweza kuzaa ubaya. Ila kwenye orodha hiyo hiyo ameweka kumbukumbu, utayari wa kufundishwa na wengine, na kuona mbele. Kumbukumbu kwako maana yake ni daftari: tarehe, kiasi, nani alitoa, nani alichukua, kipi kilirudi, iandikwe kama ilivyotokea, sio kama hasira au woga wako unavyotaka ionekane. Utayari wa kufundishwa maana yake umeuliza, vizuri, na hata mtu msomi Thomas anasema hajitoshi kwenye mambo ya busara. Kuona mbele maana yake jiulize mwaka kesho kwaya ikiitisha hesabu za kinanda, jina litakalosainiwa chini ni la nani? Ni la kwako. Mama hajakwambia hilo labda kwa sababu hakuliona.

Swali lako la mwisho, ufuate busara au haki, ndo lilinifanya nikujibu kwa kirefu. Huwezi kuzigombanisha hizo mbili. Haki kwa Thomas na walimu wenzake, na maana hiyo waliichukua kwenye sheria ya Kirumi, ni nia ya kudumu ya kumpa kila mtu kilicho chake. Busara ndo inayokuonyesha leo, hapa kigangoni kwenu, na huyu mzee, kilicho cha kila mtu ni kipi na unampaje. Haki bila busara haina macho. Kwa hiyo unachokiona kama busara inavutana na haki, ukikiangalia karibu ni madeni mawili yote ya haki. Wanakwaya wanakudai, wamechanga, wamekukabidhi wewe uwatunzie. Na mzee nae anakudai, maana heshima kwa mzazi na kwa mtu aliyekulea Thomas anaiweka humo humo ndani ya haki, ni deni, sio zawadi. Kazi yako ni kulipa yote mawili kwa pamoja, na inawezekana.

Kuhusu hiyo 'kwa muda', Thomas ana kipengele kizima cha kurudisha mali ya watu na anauliza swali hilo hilo, je mtu anaweza kuchelewesha? Jibu lake ni kwamba kuishikilia mali ya mtu bila ridhaa yake ni kosa la aina moja na kuichukua, kwa hiyo irudishwe mara moja, na kama huna cha kurudishia sasa hivi basi umuombe muda mwenye mali, au mwenye mamlaka ya kukupa huo muda. Sasa mwenye mali hapa ni kwaya. Mwenyekiti hawezi kujipa muda mwenyewe, na wewe mweka hazina huwezi kumpa peke yako kwa kunyamaza. Inawezekana kabisa ana shida nyumbani ambayo hamuijui, mgonjwa, ada, na kwaya ikiambiwa ikakubali kumkopesha. Ila iambiwe.

Katekista kakwambia uwe na kiasi. Kiasi kwenye mafundisho haya kinahusu kwanza tamaa za mwili, chakula, kinywaji, mambo ya ndoa, alafu chini yake unakuja upole unaotuliza hasira. Kwenye kanisa dogo la Scrovegni kule Padua, Italia, ambalo mchoraji Giotto alilichora mnamo 1305, fadhila zimechorwa ukuta mmoja na maovu yamechorwa ukuta wa mbele yake yakitazamana, na anayetazamana na Kiasi ni Hasira, mwanamke anayejichania nguo kifuani. Kwa hiyo katekista ana pointi kama alikuona umewaka na uko tayari kulipuka mbele ya watu. Lakini kama alimaanisha usiseme kitu, hapo kiasi kimepewa kazi isiyo yake. Tena Thomas anasema mtu asiyekasirika kabisa pale ambapo akili inaona kuna sababu ya kukasirika, huyo nae ana upungufu. Kukereka kwako ukiona hela za watu zinaliwa sio dhambi ya kwenda kuitubu. Kuangalie tu kusije kukakuendesha.

Na Pasaka? Hapa ngoja nipime kwa haki maana jibu sio jepesi. Augustino, na Thomas anamfuata, anakubali kwamba mtu anaweza kuchelewa kumwonya mwenzake na akawa amefanya vema, kama anasubiri wakati unaofaa au anaona akisema sasa hivi atamharibu zaidi mkosaji au atawaumiza wanyonge. Upendo ndo unamshauri hivyo. Ila kama anachelewa sababu anaogopa watu watamsemaje, hapo kumekuwa na kosa, dogo au kubwa kutegemea huo woga umemshika kiasi gani. Kwa hiyo kipimo kiko ndani yako, na ni wewe tu unaweza kujijibu ukiwa mkweli: nasubiri siku nzuri ya kuongea nae, au naisubiri Pasaka alafu nitasubiri Pentekoste alafu nitasubiri Noeli? Kama unasubiri, weka tarehe. Na kama katikati ya kusubiri hela zinaendelea kutoka, basi kusubiri hakuna tena utetezi, maana wanaoumia ni wengine.

Tuje kwenye woga sasa. Umeandika "mi mwoga" kama vile ni hukumu imeshatoka mahakamani. Fadhila ya nguvu haimtaki mtu asiyeogopa. Thomas ana sehemu inayosema kutoogopa chochote ni kasoro, inaweza kutokana na kiburi au kutoelewa mambo au kutopenda kitu chochote vya kutosha, na wewe unaogopa kwa sababu unampenda huyu mzee na unampenda mama. Nguvu inaushika woga usikutoe kwenye kilicho sahihi, basi. Na tendo lake kuu, hapa watu hushangaa, ni kustahimili kuliko kushambulia. Anatoa sababu kwamba kustahimili ni kugumu zaidi, anayestahimili kwa kawaida anakabiliana na aliye na nguvu kuliko yeye, hatari yake iko pale pale tayari wakati anayeshambulia anaiona bado ya mbele, na kustahimili kunachukua muda mrefu. Rudi pale Padua, Giotto kamchora Nguvu amesimama nyuma ya ngao kubwa kama ukuta na vichwa vya mikuki vimevunjikia kwenye hiyo ngao, hakimbii popote. Na anayetazamana nae ukuta wa pili sio Woga. Ni Kigeugeu, binti anateleza juu ya gurudumu, hana pa kushika.

Ila naomba nisieleweke vibaya, maana neno kustahimili kwetu limetumika vibaya mno kwa mabinti na wake za watu. Kustahimili kunakosemwa hapa ni kubaki umeshikilia lililo jema wakati unaumizwa kwa ajili yake. Kuvumilia ubaya uendelee ili wewe usisumbuliwe ni kitu kingine kabisa, hakuna mwalimu yeyote kati ya hawa aliyekiita nguvu. Ukiongea na mwenyekiti alafu akanuna miezi mitatu na mama akakununia nae, na wewe ukaendelea kuja mazoezini, ukaendelea kumsalimia shikamoo na ukaendelea kuandika daftari vizuri, hiyo ndo nguvu wanayoisema. Thomas mwenyewe alipitia shinikizo la nyumbani, mwaka 1244 alipojiunga na Wadominiko, shirika la watawa, familia haikutaka, mama yake akatuma kaka zake wakamkamata njiani na wakamshikilia kwenye ngome ya ukoo kama mwaka mzima. Hakuwageuka na hakubadilisha msimamo.

Sasa hilo lililokutisha, kwamba ukikosa moja umekosa zote. Ni kweli amefundisha hivyo, na Gregori kabla yake aliandika kwamba fadhila moja bila zingine ama sio fadhila ama haijakamilika. Lakini usiishie kwenye sentensi moja. Thomas anatofautisha fadhila iliyokamilika na ile isiyokamilika, yani mwelekeo tu, tuliozaliwa nao au tuliouzoea. Hiyo mielekeo inaweza kuwepo mmoja bila mwingine, mtu anaweza kuwa mkarimu sana kwa kuzaliwa na akawa hajui kiasi. Fadhila zilizokamilika ndo zimeungana, na sababu inaeleweka vizuri tu: huwezi kuwa mwenye haki kweli kama woga ukija kidogo unaiuza haki, na huwezi kuamua kwa busara kama tamaa imeshakuamulia. Anatumia mfano wa vidole vya mkono, havilingani urefu lakini vinakua pamoja kila kimoja kwa kadiri yake. Kwa hiyo ukiona nguvu yako ni kidole kidogo leo, haimaanishi mkono hamna.

Tena kuna mahali ambapo watu wengi hawafiki kusoma, anasema mtu anaweza kuwa nayo fadhila kweli na bado akaona ugumu kuitenda kwa sababu ya mazoea ya zamani au kitu kingine kinachomvuta, na ndo maana hata watakatifu wengine husemwa kama vile walikosa fadhila fulani. Ugumu unaousikia kifuani hauthibitishi kwamba huna. Na nikwambie ukweli, sio wote waliokubaliana na Thomas kwenye muungano huu. Yohane Duns Scotus, Mfransisko aliyefariki 1308, alisema hapana, mtu anaweza kuwa na fadhila moja ya kimaadili, ya kweli kabisa kwa aina yake, bila kuwa na nyingine. Ubishi ulikuwa mkali na uliendelea. Mi binafsi naona Thomas yuko karibu zaidi na maisha tunavyoyaishi, ila ukimpenda Scotus hujatoka nje ya imani yako.

Babu zetu nimewaweka karibu na mwisho ila swali ni zito. Augustino alikuwa mkali, kwenye kitabu chake juu ya Mji wa Mungu anasema fadhila zisizoelekezwa kwa Mungu ni maovu kuliko fadhila. Thomas hakufika huko. Anasema fadhila zinazopatikana kwa mazoezi, kwa kutenda na kurudia kutenda, zinaweza kuwepo bila ile mapendo anayomiminiwa mtu na Mungu, na anaongeza kwamba zilikuwepo kwa watu wengi wa mataifa, yani wapagani. Anaziita fadhila za kweli ila hazijakamilika, kwa sababu hazijafikisha mtu kwenye lengo la mwisho kabisa. Kwa hiyo babu au bibi aliyegawa mavuno kwa haki bila kumpunja mjane alikuwa na fadhila ya kweli, unaweza kulisema hilo kanisani na kichwa juu.

Haya, daftari. Kabla ya yote hakikisha unachokijua, angalia kama kamati ilishawahi kumruhusu, angalia risiti, maana kumshuku mtu wa heshima kimakosa nako ni kumnyima haki yake. Ukishahakikisha, nenda kwake mwenyewe kwanza, mko wawili, sehemu tulivu. Hiyo ndo njia ya Mathayo 18 na Thomas anaitetea, na anasema kabisa mdogo anaweza kumwonya mkubwa wake ila kwa upole na heshima, akiegemea lile la Paulo kwa Timotheo kwamba mzee usimkemee bali umwonye kama baba. Sio lazima hata uanze na kosa, unaweza kusema, "Shikamoo baba, mwisho wa mwezi nataka kusoma hesabu za kinanda kwa kamati, kuna kiasi hiki naona hakijarudi, naomba tukae tuone kinarudi lini." Ni wajibu wa ofisi yako hata kama angekuwa mtu mwingine, mweka hazina husoma hesabu. Umempa nafasi ya kurekebisha bila aibu na umelinda mali ya wenzako. Njia hii ina gharama sikufichi, anaweza kukasirika, anaweza kwenda kwa mama kabla yako, kwa hiyo mwambie mama mapema kwamba utaongea nae kwa heshima na hutampeleka barabarani.

Akikataa au akikuzungusha, chukua mmoja au wawili wa kamati, sio kwaya nzima na sio grupu la WhatsApp. Ikishindikana hapo paroko. Na kuna hali ambazo huendi hatua kwa hatua: akikutisha, akikutaka ubadilishe daftari au usaini uongo, au kiasi kikiwa kikubwa cha kufika kwenye mambo ya sheria, mtafute paroko siku hiyo hiyo na uongee na mwanasheria pia, maana hapo hata wewe unaweza kujikuta unajibu. Kuhusu kutolala, kama umeshaongea na bado wiki zinapita hulali, huli vizuri, mawazo yanajirudia kwamba wewe ni mtu mbovu, nenda kituo cha afya umuone daktari, hiyo maneno ya Thomas hayawezi kuitibu.

Na ukienda kwa paroko mfuate ofisini, sio kwenye kitubio. Utakachosema kwenye kitubio kimefungwa na siri ambayo Mtaguso wa nne wa Laterano, yani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, uliiwekea adhabu kali, padre hawezi kukitumia kwa lolote nje ya pale, hata angetaka kukusaidia. Ofisini anaweza kuita kamati na kufungua vitabu. Chukua nakala ya daftari uende nayo.